Meno ya Maji ya Kiirua

Siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyoshindwa kunywa uji. Wenzangu wa rika hukumbuka siku ya kwanza kushika usukani, au siku waliyonunua redio. Mimi nakumbuka kibuyu cha uji mchachu, nyumba iliyojaa watu wazima walionyamaza, na jino lililonichoma hadi kwenye sikio. Nakueleza leo kwa sababu jana niliona tyubu kwenye dirisha la bafu. Imeandikwa kwamba itakupa meno meupe kwa siku saba, nayo imebanwa katikati kwa pupa, vile nilivyoibana yangu. Sikuigusa. Babu hana ruhusa ya kupekua dawa ya meno ya mjukuu, ila ana ruhusa ya kusimulia.

Nilizaliwa upande wa chini wa Kiirua, huku Meru, kule ambako mlima unakupa upepo na kukunyima mvua. Baba alikuwa mfanyakazi kwenye shamba la mzungu, na uhuru ulipokuja akapata kipande chake hapo hapo. Tulinywa maji ya kisima kirefu cha shamba lile, kilichokuwa na pampu. Yalikuwa maji maangavu, baridi, hayana harufu, na tulijiona watu wenye bahati. Sote tuliokulia pale tuliota meno ya kahawia, mengine yakiwa na mistari myeupe ya chaki. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo nawe fumba jicho. Sisi hatukuwa na haja ya kufumba, tulizaliwa huko huko.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipopata kazi Kanyakine, kwenye kiwanda cha kahawa. Nilikuwa fundi wa mashine ya kumenya kahawa, ile inayoondoa ganda jekundu na kuacha mbegu. Huko South Imenti, kama unavyojua, mito haikauki, na watu wanakunywa maji yanayoshuka moja kwa moja kutoka msituni. Meno yao ni meupe bila kujitahidi. Wiki yangu ya kwanza, mtoto mmoja aliyekuja na mama yake kupima kahawa alinitazama mdomoni nikiongea, kisha akamwuliza mama yake kwa nini yule mtu hajanawa. Mama akamfinya. Mimi nikacheka, lakini tangu siku hiyo nilianza kucheka kidogo kidogo.

Palikuwa na binti anayeshona sare za shule kwenye baraza ya duka, mita chache kutoka kiwandani. Aliitwa Gatwiri. Wewe unamjua kwa jina lingine, lakini tumwache hapo kwanza. Nilimpelekea ovaroli ishonwe mfuko, halafu nikaupasua mfuko mwenyewe ili nirudi. Mara ya tatu aliniambia kwamba mfuko wa namna ile haupasuki peke yake. Nilimpenda, na sioni haya kusema hivyo. Yeye naye alinipenda, ingawa hadi leo anadai alinihurumia.

Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Mbaabu. Alikuwa mkulima mwenye kahawa nzuri na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Binti yake mkubwa alikuwa ameolewa na mwanamume aliyekaa barazani akitafuna miraa, vijiti vile vinavyotia meno rangi ya kahawia, kuanzia saa nne asubuhi, mpaka ng'ombe wakaisha. Mzee Mbaabu aliapa kwamba hatatoa binti wa pili kwa mtafunaji. Siku moja alinisimamisha pale kiwandani, mbele ya foleni ya magunia.

"Wewe unatoka Kiirua," alisema. "Unakula miraa?"

Nilimwambia sijawahi hata kuonja, na ilikuwa kweli. Alinitazama mdomoni kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Akaenda zake. Jioni Gatwiri akaniambia kwamba baba yake amesema masikio yake yamesikia jambo moja na macho yameona jingine, na kwamba yeye huamini macho. Baba mdogo wangu, Mwongera, alikuwa ameshaomba siku ya kwenda kujitambulisha kwao. Ilikuwa imebaki miezi miwili.

Hapo, mwanangu, ndipo kijana mwenye akili angeuliza kwa nini meno yake yana rangi ile. Mimi sikuuliza. Nilijua jibu: ni uchafu, na uchafu huondolewa.

Jumamosi nikaenda Makutano. Kwenye duka la Mwislamu mmoja mzee, mwenye ndevu nyeupe na kofia ya kufuma, nilikuta dawa ya meno ya kung'arisha, iliyotengenezewa wavuta sigara. Nilitaka tyubu nne. Mzee yule alizirudisha mbili kwenye rafu. Akaniambia dawa ile ina chembe za kukwaruza, kwa hivyo nitie kidogo tu na nisisugue kwa nguvu. Nikamwomba anipe zote nne.

"Kijana, hii ni dawa ya meno," alisema. "Si rangi ya kupaka nyumba."

Nilichukua zangu nne nikaondoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mimi ilikuwa zamu ya meno.

Nilisugua asubuhi, mchana na jioni, kwa mswaki mgumu kuliko yote niliyoipata. Wiki mbili za kwanza niliona mabadiliko. Ule utando wa chai uliokuwa juu uliondoka, na meno yakang'aa, yakawa ya kahawia safi badala ya kahawia chafu. Ningeishia hapo ningekuwa na mdomo wangu hadi leo. Lakini nilikuwa fundi, na fundi akiona kitu kimeanza kulegea huongeza nguvu. Kiwandani tulikuwa na majivu ya maganda makavu ya kahawa, laini kabisa, tuliyotumia kusugulia sahani za mashine, yale mabamba ya chuma yanayomenya. Nikayachanganya na dawa. Tena nilijua kwamba maji ya ndimu huondoa kutu kwenye nati, maana nilifanya hivyo kila mwisho wa msimu. Basi kila jioni nilisukutua kwa ndimu kwanza, ili kulainisha, kisha nikasugua kwa dawa na majivu. Hakuna aliyenifundisha. Huo ulikuwa ujinga wangu mwenyewe, niliutengeneza kwa mikono yangu na nilijivunia.

Mwezi wa pili ulipoanza, hewa ya asubuhi ikaanza kuniuma. Halafu maji ya mtoni. Kisha chai. Nilipojitazama kwenye kioo niliona sehemu nyeupe kama chokaa, na kandokando, karibu na fizi, rangi ya manjano ambayo haikuwapo mwanzo. Nikadhani ni uchafu mwingine uliojificha chini. Nikaongeza bidii.

Siku ya kujitambulisha ikafika. Tulikwenda wanne, mimi, baba mdogo Mwongera na wazee wawili wa kwetu, tukabeba sukari, majani ya chai na asali. Tulikaribishwa vizuri. Katika nyumba ile palikuwa na desturi moja: uji wa wageni, ucuru wa wimbi na mtama uliochachuka siku mbili, ulitolewa kwenye kibuyu kimoja. Wazee walikunywa kidogo kidogo na kupokezana, na kijana aliyekuja kuomba alipewa cha mwisho, akimalize mbele ya wote. Ukimaliza, umekubali nyumba na nyumba imekukubali. Uji wenyewe huwa baridi, na mchachu wa kumkunja uso hata mtu mwenye meno mazima.

Aliyeleta kibuyu alikuwa mama yake Mzee Mbaabu, aliyeitwa na wote Mama Mzee. Alikuwa mfupi, mkavu, mwepesi wa miguu, na daima aliongea akiwa ameshika ncha ya leso mbele ya mdomo. Nilidhani ni adabu ya kizamani. Aliniwekea kibuyu mikononi kwa mikono miwili.

Nilipiga funda moja. Maumivu yalipanda kwenye taya, yakaingia sikioni, yakanitoa machozi. Nilijaribu la pili, mkono ukakataa kuinuka. Nikakiweka kibuyu chini, na ndani uji ulibaki zaidi ya nusu.

Nje kuku waliendelea na mambo yao. Baba mdogo alianza kueleza kwamba tumbo langu limekuwa likinisumbua tangu Jumatano, akaongeza na homa kidogo. Mzee Mbaabu alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

"Kijana amekataa uji wetu," alisema. "Tumemwona."

Ningeweza kusema. Ningefungua mdomo tu niseme, baba, meno yananiuma, niliyasugua vibaya kwa ajili yako. Lakini niliona aibu kukiri kwamba mwanamume mzima amekuwa akijipamba. Tuliagwa vizuri kama tulivyopokewa, na tulipofika njiani baba mdogo aliniambia kwamba katika maisha yake amekwenda kuombea vijana saba, na ni mimi wa kwanza kushindwa na uji.

Siku tatu baadaye Gatwiri alinikuta njiani. Hakulia wala hakugomba. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulichokataa ni uji, ama ni mimi?"

Nikamwambia ni tumbo. Akaniambia kuna mwalimu mmoja wa Nkubu ambaye watu wake wameuliza habari za Gatwiri kwa Mzee Mbaabu, naye ameanza kuwasikiliza. Kisha akaendelea na safari yake. Mwanangu, nimewahi kuugua malaria kali na nimewahi kuanguka kutoka juu ya paa. Sijawahi kuumia nilivyoumia nikimtazama akienda, huku najua jibu la kweli na sina ujasiri wa kulitoa.

Usiku ule taya likavimba. Asubuhi nikaomba ruhusa nikaenda kwa daktari wa meno huko Meru mjini. Alikuwa mwanamke wa makamo, hana haraka. Alinichungulia, akagonga jino moja baada ya jingine, akaniuliza nimekuwa nikifanya nini. Nilimweleza yote, dawa, ndimu na majivu. Aliweka kioo chake chini.

"Nani alikuambia meno yako ni machafu?" aliuliza.

Akanifafanulia pole pole, na nakumbuka maneno yake vizuri kuliko mahubiri mengi. Alisema jino lina gamba gumu la nje linaloitwa enameli, na chini yake kuna mwili wa jino, ambao kwa asili ni wa manjano. Maji ya visima vingine yana madini yanayoitwa floridi. Ikiwa kidogo ni nzuri, hulinda meno. Ikizidi, na mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake bado yanaumbwa ndani ya fizi, gamba hutoka likiwa limeshika rangi. Rangi hiyo iko ndani, hakuna dawa ya kusugua inayoifikia. Dawa za kung'arisha huondoa kilicho juu tu, chai, miraa, sigara. Ukizidisha, ukatumia chembe kali na mswaki mgumu, huondoi rangi, unaondoa gamba. Na ndimu hulainisha gamba lenyewe, kwa hivyo kusugua baada ya ndimu ni kulikwangua likiwa halina nguvu. Nilimwuliza kuhusu ile manjano iliyojitokeza. Akasema huo si uchafu, hilo ni jino langu lenyewe, nimelifikia.

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Mashine ya kumenya kahawa, ukikaza sahani kupita kiasi, haiishii kwenye ganda, huchana na mbegu, na mbegu iliyochanwa hairudi kuwa nzima. Mimi niliyefukuza vibarua wawili kwa kukaza sahani nilikuwa nimejikaza mwenyewe. Nikamwuliza kama gamba litaota tena. Akasema si kama kucha, likiisha limeisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Aling'oa jino moja lililokuwa limeoza, mengine akanipa masharti: mswaki laini, dawa ya kawaida ya kiasi cha punje moja ya njegere, na nisikaribie ndimu.

Siku mbili nilikaa na maneno hayo. Siku ya tatu nikaenda kwa kina Gatwiri peke yangu, bila mzee, jambo ambalo halifanywi. Nilijua naweza kufukuzwa. Nilimkuta Mama Mzee uani akipepeta wimbi. Sikumsalimu zaidi ya mara moja, nikapiga magoti nikamwambia kila kitu, kisima, tyubu nne, majivu, uji. Aliendelea kupepeta mpaka nilipomaliza.

"Fungua," aliniambia.

Nikafungua mdomo mchana kweupe, mbele ya bibi wa watu. Aliinama akatazama upande huu na ule. Akaniuliza kwetu hasa ni wapi, upande gani wa barabara, na kama bado kuna ule mwamba mweusi unaotoa chemchemi. Nikamwambia upo. Nikashangaa ameujuaje.

Hapo Mama Mzee akashusha leso. Yalikuwa yamebaki meno matatu, mawili ya juu na moja la chini, na yote yalikuwa na rangi ya meno yangu.

"Nilizaliwa kule chini, nikakua nikinywa maji ya mwamba ule," alisema. "Niliolewa hapa nikiwa msichana mdogo. Siku ya kwanza kuteka maji, wanawake wa mtoni walinicheka. Tangu hiyo siku nacheka ndani ya leso. Mume wangu nilimzika na hakuwahi kuniona nikicheka wazi."

Nilipoinua macho nilimwona Mzee Mbaabu amesimama kwenye pembe ya nyumba na jembe begani, na ilionekana amesimama pale kwa muda. Alikuwa anatazama mdomo wa mama yake kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.

"Mama, mimi nilidhani ni uzee," alisema.

"Ulipokuwa unanyonya, nilikuwa mzee?" alimjibu. Kisha akanigeukia mimi. "Mimi nimefunika, wewe umekwangua. Mimi nimepoteza kicheko, wewe umepoteza meno. Si ungesema tu, kijana? Watu wangekucheka siku moja wakachoka."

Akaingia jikoni. Uji wa wageni katika nyumba ile haukuwahi kutiwa moto, lakini siku hiyo niliona moshi. Aliutoa ukiwa vuguvugu, kwenye kibuyu kile kile, na nilipoonja nilijua alikuwa ametia asali yetu kupunguza uchachu. Nilikunywa nikiwa nimesimama. Uliniuma, sitakudanganya, lakini nilikunywa mpaka nikaona makapi chini. Mzee Mbaabu alinisubiri nimalize, akachukua kibuyu akakigeuza kuona kama kuna tone. Akasema baba yangu mdogo anaweza kurudi maharagwe yakishavunwa. Hakuongeza neno, akarudi shambani.

Ile picha ya harusi iliyo sebuleni unaifahamu. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini yule ajuza aliyesimama mbele anacheka mdomo wazi na ana meno matatu tu, tena mabovu. Ndiye yeye. Gatwiri, ambaye wewe unamwita nyanya, ndiye aliyemwomba aache leso begani siku hiyo. Na uliniuliza kwa nini mimi, bwana harusi, ndiye niliyefunga mdomo kama niliyeletwa kwa nguvu. Asubuhi ile palikuwa na upepo, mwanangu. Ulikuwa unaniuma.

Basi nisikilize. Najua Jumatatu unaanza kazi pale kaunta, mbele ya wateja, na unataka kutabasamu vizuri. Kabla hujasugua rangi ya jino lako, ulizia imetoka wapi. Kama iko juu, imeletwa na chai yako ya rangi, dawa kidogo na mswaki laini vitaitoa, na hutahitaji kuharakisha. Kama iko ndani, muone daktari wa meno, usijitibu na tyubu ya dukani. Nyingine za siku hizi hutia wino wa samawati unaodanganya jicho kwa saa chache, kisha meno yanarudi yalivyokuwa. Usichanganye na mkaa, wala majivu, wala ndimu, hata ukiona mtu kwenye simu akifanya hivyo na anang'aa. Ukila kitu kichachu, sukutua kwa maji, ngoja kama nusu saa ndipo upige mswaki. Na jua kwamba jino zima, kwa kawaida yake, si jeupe kama karatasi. Waliokuuzia weupe huo hawajui utakunywa uji na nani kesho.

Na la pili ni hili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha meno hufichuliwa na funda moja la uji. Ukiulizwa jambo la aibu na mtu unayemhitaji, mpe ukweli ungali wa bei nafuu. Mimi niliuficha kwa miezi miwili, nikaulipia kwa miaka arobaini, na hadi leo nyanya yako huniwekea maji kando ya moto alfajiri ili yapoteze baridi kabla sijayanywa. Hajawahi kunisema. Hunisukumia kikombe tu.

Mwenyezi Mungu akupe meno ya kutafunia utakachokivuna, na watu ambao mbele yao hutahitaji leso. Akupe kicheko cha Mama Mzee, lakini akupe mapema. Nenda sasa, ukaifunike ile tyubu vizuri, imeachwa wazi tangu jana.